Dakika 15 za nini?

SWALI: Ninaandika mwongozo wa wahandisi wa programu kazini kwetu. Niliandika: "Mhandisi apewe ruhusa ya kuifikia hifadhidata ya uzalishaji kwa dakika 15." Mwenzangu akasahihisha: "Apewe kibali cha dakika 15 cha kuingia." Si yale yale?

JIBU: Si yale yale, na mwenzako amekuzidi. Katika sentensi yako, "kwa dakika 15" inakwenda na kitenzi "kuifikia". Msomaji ataelewa kwamba dakika hizo zikiisha, mhandisi yuko nje. Sentensi ya mwenzako inapima umri wa kibali chenyewe; haisemi lolote juu ya mtu aliyekwisha kuingia.

Na mitambo ndivyo inavyofanya kazi. Kwenye Amazon RDS, huduma ya Amazon ya kuendesha hifadhidata, tokeni ya kuingilia (nywila ya muda) hudumu dakika 15, lakini aliyeingia dakika ya 14 hatolewi dakika ya 15. PostgreSQL, programu ya hifadhidata, nayo ni hivyo hivyo: nywila ikipita tarehe yake huzuia kuingia upya tu, kikao kilichokwisha kufunguliwa, yaani muda wa mtu aliye ndani tayari, kinaendelea. Sentensi yako, kwa hiyo, inaahidi ulinzi ambao huenda hamna.

Neno "kibali" nalo limekaa vizuri. Ruhusa yaweza kuwa ya mdomo tu, kama ya mwanafunzi anayetaka kwenda msalani. (Sisi wa umri fulani huku Tanzania, tukisikia "ruksa" tunamkumbuka Mzee Ruksa, Rais Ali Hassan Mwinyi, 1985 hadi 1995, aliyelegeza masharti ya biashara.) Kibali kina aliyekitoa, aliyepewa na tarehe ya kwisha: kibali cha ujenzi, kibali cha kazi. Idhini ni tendo la mwenye mamlaka. Basi mhandisi anaomba ruhusa, msimamizi anaidhinisha, mfumo unatoa kibali.

"Uzalishaji" sikuulizwa, lakini sinyamazi: masikioni mwangu ni mahindi na saruji. Mazungumzoni mnasema "prodakshen", sawa. Katika mwongozo ningependa "hifadhidata hai", ile yenye taarifa za wateja wenyewe, na maana yake ielezwe mara moja mwanzoni.

Mimi ningeandika hivi: "Mhandisi apewe kibali cha kuingia kwenye hifadhidata hai, kitakachokwisha baada ya dakika 15. Kikao atakachofungua kikatwe saa moja baada ya kuanza." Hiyo saa moja ni mfano wangu; muulize msimamizi wenu.