Wiki ya 29: miguu inavimba, usiku misuli inakaza, na dukani nimepewa diclofenac

SWALI: Shikamoo dada mkunga. Mimi ni fundi cherehani hapa Mwanjelwa, Mbeya, naishi Uyole, hii ni mimba yangu ya kwanza na sasa niko wiki ya 29. Usiku misuli ya mguu inakaza mpaka napiga kelele mume wangu anaamka, mgongo unaanza kuuma kwenye saa nane mchana, kiungulia ndo usiseme, halafu jioni miguu inavimba mpaka viatu haviingii. Mama mkwe anasema mimba ndo zilivyo nivumilie tu. Duka la dawa wamenipa diclofenac kwa ajili ya mgongo, nimeshakunywa mbili. Kliniki narudi baada ya wiki mbili. Niendelee na hizo dawa? Na hii miguu ni kawaida kweli? Ndaga fijo, asante sana.

JIBU: Marahaba mdogo wangu, hongera kwa kufika wiki ya 29. Naanza na diclofenac maana hiyo haisubiri. Acha leo. Hivyo viwili ulivyokunywa visikutie hofu ukakosa usingizi, ila usiongeze cha tatu, na siku ukienda kliniki uwaambie umekunywa vingapi na lini. Diclofenac, ibuprofen na ndugu zake kuanzia kama wiki ya 20 zinaweza kupunguza kazi ya figo za mtoto, na mtoto akikojoa kidogo maji ya kwenye chupa ya uzazi yanayomzunguka yanapungua, alafu kuanzia huku kwenye wiki ya 28 mpaka 30 kuna mshipa karibu na moyo wa mtoto ambao unatakiwa ukae wazi mpaka azaliwe, hizi dawa zinaweza kuufunga kabla ya wakati. Ndo maana nasikitika sana zikitolewa bila hata mtu kuuliza una mimba ya wiki ngapi. Maumivu yakikuzidi kunywa paracetamol, vidonge 2 vya mg 500, ukae masaa 6 kabla ya kurudia, visizidi 8 kwa siku, na kama unaona kila siku unazihitaji basi hayo maumivu yanataka kuangaliwa, usiendelee kuyazima tu. Jambo moja hapo hapo: kuna wajawazito daktari amewaanzishia aspirin ya dozi ndogo kwa sababu ya presha, hao wasije wakasoma hapa wakaacha, hiyo ni habari nyingine na waendelee kama walivyoelekezwa.

Sasa miguu. Mama mkwe wako hajakosea sana, wajawazito wengi miguu inavimba jioni, na wewe unakaa kwenye cherehani kutwa. Damu ya mama kwenye mimba inaongezeka karibu nusu ya ile aliyokuwa nayo, mji wa mimba unakandamiza mishipa inayorudisha damu kutoka miguuni, ukikaa miguu ikining'inia maji yanatulia chini. Uvimbe wa hivyo unakuwa miguu yote miwili, jioni umejaa asubuhi umepungua, na ukiinua miguu unaona nafuu. Huo tunaishi nao.

Lakini neno "kawaida" mimi naliogopa, nimeona likichelewesha watu. Miaka ya nyuma alikuja mama ametoka vijiji vya juu huko Uporoto, uso umevimba, pete imembana kidoleni, wiki nzima kichwa kinauma na nyumbani wanamwambia ni kawaida. Tunapima presha, 170 kwa 110. Tulimpa rufaa saa hiyo hiyo na yeye na mtoto wakapona, ila yangepita masaa machache tu angeweza kuanguka kifafa cha mimba njiani. Kwa hiyo mdogo wangu usikae wiki mbili. Kesho asubuhi kabla hujafungua kazi pita zahanati au kituo cha afya chochote kilicho karibu na wewe, beba kadi ya kliniki, waambie nina wiki 29 miguu inavimba naomba kupimwa presha na mkojo. Ni dakika chache. Presha ikiwa chini ya 140 kwa 90, kwenye mkojo hamna protini na mwili hauna kingine, basi tutasema ni kawaida tukiwa tumepima. Nasema kupima kwa sababu wapo wenye presha kubwa ambao hawajavimba hata kidogo, na wapo waliovimba sana presha ziko sawa, kwa macho huwezi kujua.

Usisubiri kesho wala keshokutwa, yaani hata usiku unaondoka, kama kichwa kinauma na paracetamol haikitulizi, au unaona maruweruwe, au maumivu makali juu ya tumbo chini ya mbavu upande wa kulia, au uso na mikono imevimba ghafla. Vile vile kama umevimba mguu mmoja tu, unauma na una joto kuliko mwenzake, hapo inaweza kuwa damu imeganda kwenye mshipa. Mguu wa hivyo usichuliwe, usikandwe, watu wakiona mguu unauma wanakimbilia mafuta na kuchua kwa nguvu, sasa lile donge la damu linaweza kutoka likaenda kwenye mapafu.

Hii misuli ya usiku, pole sana, najua inavyouma. Ikikukamata usiukunje mguu, unyooshe, halafu vuta vidole vya mguu kuja upande wako, kama tumbo linazuia mwambie mume wako akushike kisigino akusukumie unyayo kuja juu taratibu. Wengi wakishtuka usingizini wananyoosha vidole kwenda mbele kama mtu anayechungulia juu ya ukuta, hiyo ndo inakazia zaidi. Ikishaachia simama utembee kidogo chumbani. Kabla ya kulala fanya hivi: simama uangalie ukuta, mikono ukutani, mguu mmoja nyuma kisigino kikiwa chini kabisa, egemea mbele mpaka usikie nyama ya nyuma ya mguu inavutika, hesabu mpaka 30, badilisha mguu, rudia mara tatu tatu. Wewe mguu wako unakanyaga pedeli kutwa hivyo hili kwako usiliruke. Na blanketi usilichomeke kwa nguvu chini ya godoro huko miguuni, linakusukuma vidole chini usiku kucha, bora uvae soksi nzito. Kuhusu maziwa, watu watakuambia ni ukosefu wa madini tu kunywa maziwa itaisha, ukweli ni kwamba wengine yanawasaidia na wengine wala, ila maziwa na dagaa, wale usipa wa Kyela unaokula na mifupa yake, mtoto anavihitaji kwa mifupa yake vyovyote vile, kwa hiyo kula.

Mgongo wako nadhani nusu ya shida ni stuli. Mafundi wengi mnakalia kistuli kifupi, magoti yanakuwa juu kuliko nyonga, mgongo unapinda, na sasa tumbo linavuta mbele na viungo vya nyonga vimelegea kwa sababu ya homoni za mimba ili njia ije ifunguke, kwa hiyo mgongo wa chini unabeba kila kitu peke yake. Tafuta kiti chenye egemeo au pandisha hiyo stuli kwa mto mgumu mpaka nyonga ziwe juu kidogo ya magoti, kunja kitenge ukiweke nyuma ya kiuno, kanyaga pedeli kwa miguu yote miwili sio mmoja, na kila nusu saa simama, hata kama mteja amesimama hapo anasubiri sare yake, zunguka meza, peleka kitambaa kwenye pasi, rudi. Mchana ukipata nafasi weka miguu juu ya kiti kingine robo saa, itasaidia na ule uvimbe. Nyumbani piga magoti na mikono chini kama mtu anayepiga deki, pandisha mgongo juu taratibu kisha urudishe uwe sawa, mara kumi, asubuhi na jioni. Ndoo ya lita 20 kichwani kwa sasa hapana, gawa mara mbili au mwanaume abebe. Kukanda kiuno kwa chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwenye taulo ni sawa kabisa. Kitandani ukitaka kugeuka bana magoti pamoja ndo ugeuke, ukitupa mguu mmoja mmoja nyonga inachoma.

Ila kama huo mgongo unakuja na kuondoka kwa vipindi na tumbo linakuwa gumu kama jiwe kila ukija, au kuna maji au damu inatoka, hiyo kwa wiki 29 inaweza kuwa uchungu unataka kuanza mapema, nenda hospitali. Na kama unauma upande mmoja kwenye mbavu huku una homa na mkojo unachoma, ni maambukizi yanayopanda kwenye figo, nayo ni ya siku hiyo hiyo.

Kiungulia nacho kinatokana na homoni za mimba, zinalegeza kale kamlango ka juu ya tumbo, huku mtoto anasukuma kutoka chini, tindikali inapanda. Wanaosema mtoto atakuwa na nywele nyingi waache waseme. Wewe angalia chakula cha usiku: mafundi mnafunga kazi saa moja, kupika na kula saa tatu, ugali mkubwa na maharage yenye mafuta, saa tatu na nusu umelala. Hapo lazima kipande. Kula kidogo kidogo mara nyingi, mlo mkubwa uwe mchana, usiku kula mapema masaa mawili matatu kabla ya kulala, na inua kitanda upande wa kichwani kwa tofali moja moja chini ya miguu ya kitanda, mito pekee inakukunja tumbo inazidisha. Chips, pilipili, soda, kahawa, utajua mwenyewe ni kipi kinakuchokoza. Ikishindikana zile dawa za kutafuna za kiungulia, za magnesiamu, ni salama, ila zitenganishe na vidonge vya kuongeza damu kama masaa mawili maana zinazuia madini chuma yasiingie. Magadi usilambe, yana chumvi nyingi. Na udongo pia, najua wengi mnautafuna mnasema unatuliza, lakini unaleta minyoo na unazuia damu kuongezeka.

Hujaniuliza choo ila naamini kipo kigumu, vidonge vya FEFO, vile vya kuongeza damu, vinafanya hivyo na kinyesi kinakuwa cheusi, usiogope na usiviache. Shida ya huku kwetu ni baridi, mwezi wa sita na wa saba mtu anamaliza siku na vikombe viwili vya chai hajagusa maji kwa sababu hasikii kiu. Weka chupa ya maji ya uvuguvugu pale kwenye cherehani uimalize. Parachichi, papai, mboga za majani, ugali wa dona badala ya sembe. Chai usiinywe pamoja na chakula wala na FEFO, acha ipite saa moja au mawili, hata kama tumezungukwa na mashamba ya chai kuanzia Tukuyu mpaka Mufindi, inafunga madini chuma tumboni. Meza FEFO na chungwa au maji tu.

Kwa vile nimetaja baridi, kuna kitu kinanikosesha amani kila kipupwe. Jiko la mkaa chumbani. Mnafunga dirisha, mnaliingiza jiko mpate joto, mnalala. Mkaa unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, inaingia kwenye damu inachukua nafasi ya hewa safi, na damu ya mtoto tumboni inaishika kuliko ya kwako, kwa hiyo wewe unaamka kichwa kizito tu kumbe mwenzio ameumia zaidi. Jiko libaki nje. Ongeza blanketi, sweta, soksi, hiyo chupa ya maji ya moto.

Kulala, lala ubavu, kulia au kushoto vyote sawa, kuanzia wiki ya 28 tunashauri usianze usingizi ukiwa chali, ukishtuka usiku umelala chali geuka tu uendelee kulala. Weka mto katikati ya magoti. Ule mstari mweusi tumboni na michirizi havina madhara, mstari unafifia wenyewe miezi kadhaa baada ya kujifungua, michirizi inabaki inapauka, na hakuna mafuta ya kuifuta kabisa hata wakikuuzia kwa bei gani.

Kesho ukishapimwa mwambie nesi akuandikie namba za presha kwenye kadi, uzisome na wewe mwenyewe. Halafu hudhurio lako la baada ya wiki mbili lipo pale pale, hii ya kesho hailifuti.