Tairi lenye meno marefu lilibanduka njia ya Likasi: mzigo au uzee?

Swali:
Jambo yaya. Mimi ni shofa wa minibasi, Lubumbashi–Likasi. Mwezi wa tisa nilinunua matairi manne yaliyokwisha kutumika. Meno marefu, meusi ti, ukiyaona utasema mapya. Hata mwezi haujaisha, siku moja saa nane mchana, gari likaanza kutikisika nyuma, kisha ngozi yote ya juu ya tairi ikabanduka kama gome la mti. Upepo ulikuwa bado umo ndani! Abiria wako salama, Mungu asifiwe. Muuzaji anasema nilizidisha mzigo. Shemeji yangu anasema serikali ya Marekani ilishapima, tairi huzeeka hata likiwa na meno. Nani mkweli? Na haya matatu yaliyobaki niyachome?

Jibu:
Mdogo wangu, pole sana, na nashukuru kwamba wote mlifika. Shemeji yako ni mkweli. Muuzaji naye ana ukweli kidogo, lakini ameficha nusu ya habari.

Meno yanaonyesha tairi limetembea kiasi gani. Limeishi miaka mingapi, hayasemi. Chini ya meno kuna mikanda miwili ya nyuzi za chuma, umelala mmoja juu ya mwingine, na kinachoishikanisha ni mpira. Upepo tunaojaza una oksijeni, na kwa kuwa umeshindiliwa, oksijeni hiyo hupenya polepole kutoka ndani hadi kwenye mpira ule wa katikati ya mikanda. Ikifika huko inaukausha. Unakuwa mgumu, haunyumbuki tena. Ufa mdogo huanzia kwenye kingo za mikanda, mahali jicho halifiki, nao hutambaa kila gurudumu linapozunguka, hadi siku mkanda wa juu unapoachana na wa chini. Ndiyo sababu upepo wako ulibaki: kilichoachana ni mikanda, na upepo unashikwa na tabaka la ndani zaidi.

Shemeji huenda alisikia habari za mwaka 2000. Matairi ya Firestone, mengi yakiwa kwenye magari ya Ford Explorer, yalikuwa yakibanduka hivihivi huko Marekani. NHTSA, idara ya serikali yao inayosimamia usalama wa magari barabarani, ilihusisha vifo 271 na matairi hayo. Mwaka huohuo bunge lao likapitisha sheria iitwayo TREAD, na watafiti wakaingia kazini. Walikusanya matairi yaliyokuwa yakitumika Phoenix, jimbo la Arizona, mji wa joto kali, wakayakata na kuyalinganisha na mapya ya aina ileile. Mengine waliyatia katika oveni ya maabara ili yazeeke upesi.

Katika ripoti yao kwa bunge ya mwaka 2007 mna hesabu ambayo mimi humwambia kila shofa. Kampuni moja kubwa ya bima ilikuwa na asilimia 27 ya wateja wake katika majimbo matano yenye joto: Texas, California, Louisiana, Florida na Arizona. Lakini asilimia 77 ya madai ya matairi yalitoka huko huko. Na kati ya hayo, asilimia 84 yalikuwa ya matairi yaliyopita miaka 6. Joto linaharakisha uzee, na wewe mwenyewe unajua lami yetu ya mwezi wa tisa na wa kumi inavyowaka saa nane.

Utasikia mtu akisema kwamba mwishoni Marekani haikuweka sheria ya umri wa tairi. Ni kweli. Mwaka 2014 NHTSA ilieleza kwamba viwango vipya vya matairi, pamoja na vipima upepo vilivyokuwa vimelazimishwa kwenye magari mapya, vilikuwa vimeboresha hali kwao. Sisi tunafungiwa matairi ambayo wengine wameyavua, kwenye magari yasiyo na kipima upepo. Kwa hiyo mimi nashika miaka 6, muda ambao baadhi ya watengenezaji wa magari wenyewe wanautaja, na likifika 10 silijadili tena.

Umri umeandikwa ubavuni. Tafuta herufi DOT. Mwisho wa mstari huo kuna tarakimu nne. 3514 ni wiki ya 35 ya mwaka 2014. Matairi yaliyotoka Japani huenda hayana DOT, lakini tarakimu nne za mwisho wa namba ya kiwanda husomwa hivyohivyo. Mara nyingi namba kamili iko ubavu mmoja tu, nao ukifungwa kwa ndani huioni. Juzi nililala chini ya minibasi moja hapa Kampemba na tochi ya simu. Nikafuta kwa kitambaa dawa nyeusi ya kung'arishia tairi, nikasoma 4009. Penye dawa palikuwa na nyufa nyembamba kama nywele, na meno bado yalikuwa marefu! Tairi la akiba nalo lisome, maana linazeeka hata bila kugusa barabara.

Sasa muuzaji. Tairi lenye upepo mdogo au mzigo mwingi hupindapinda sana, na kule kupinda ndiko kunakozaa joto. Angalia kabla na baada ya namba ya saizi kama kuna herufi C au LT. Kama hazipo, huenda ulifungiwa matairi ya gari dogo, na kwa minibasi iliyojaa watu hiyo ni hatari hata yakiwa mapya. Pima upepo asubuhi, tairi likiwa baridi, kwa kipimo, ukifuata kibandiko cha mlangoni mwa shofa. Kulipiga teke hakukuambii kitu. Na likibanduka tena, usikanyage breki kwa nguvu: shika usukani barabara, achia mafuta, gari lipungue lenyewe.

Hayo matatu yasome leo. Ukikuta yamezeeka, nakuomba usiyachome. Moshi ule mweusi una sumu, nao wanaouvuta ni watoto wa jirani. Wala usiyatupe mtoni. Tairi lina dawa iitwayo 6PPD, inayoulinda mpira usipasuke. Mwaka 2020 watafiti wa jimbo la Washington walitangaza kwamba inapokutana na hewa ya ozoni inazaa sumu inayoua samaki aina ya koho kwenye vijito vyao. Samaki wa mto wetu wa Kafubu ni wengine, lakini mimi nisingependa kuwajaribia. Ukiyaacha uani, maji ya mvua yatatuama ndani na mbu watazaliana.

Wape mafundi wa kandambili, au wanaokata kamba za mpira za kufungia mizigo ya baiskeli. Ila kabla hayajatoka mikononi mwako, chukua kisu kikali uyapasue ubavuni, mpasuko mrefu usiozibika. Nimeshaona tairi lililotupwa likirudi sokoni limepakwa dawa, likingoja shofa mwingine.