Babu kapita kwa mwaka mmoja, aliyeshindwa kawa aldamani: kusoma matokeo ya udiwani wa Wales baada ya vita

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi Mtanzania nimeolewa huku Wales, mama mkwe kanikabidhi boksi la vipande vya magazeti vya marehemu baba yake, aligombea udiwani kwenye mji wao mdogo wa soko baada ya vita kuu ya pili (mji naomba usiutaje, ukoo bado upo palepale). Nataka nivipange kwenye albamu ila nimekwama. Kipande cha Mei 1949 kinaonyesha babu kashika nafasi ya tatu kwenye wodi yake na kaandikwa amepita kwa mwaka mmoja tu, wenzie wawili miaka mitatu. Nikijumlisha kura zote zinazidi idadi ya wapiga kura waliotajwa juu yake. Afu kuna bwana mmoja kashika nafasi ya nne, yani kashindwa, lakini gazeti la wiki mbili mbele linamwita Alderman na yupo barazani! Pembeni ya jina lake babu kaandika kwa penseli "cywilydd", mume wangu anasema maana yake aibu. Je waliiba kura? Na mbona sioni uchaguzi wa 1948 kabisa? Kuna vipande viwili havina tarehe pia.

JIBU: Marahaba dada. Nimecheka na hiyo penseli ya babu. Hapana, kwa unavyoeleza hakuna kura iliyoibiwa, kila kitu hapo kimefuata sheria ya wakati ule, ila sheria yenyewe ndio ilikuwa na mlango wa uani na babu inaonekana aliujua vizuri tu.

Tuanze na hesabu kwasababu ndio inayowachanganya watu wengi. Wewe umezoea kwetu, kata moja diwani mmoja, mpiga kura anatia alama moja basi. Kule miji yenye hadhi ya manispaa ilikuwa tofauti, wodi moja ina madiwani kadhaa na kila mwaka theluthi yao wanatoka, kwahiyo chukua mfano wa Carmarthen, mji wa soko unaojulikana sana kusini magharibi ya Wales, tangu sheria ya manispaa ya 1835 uligawanywa wodi mbili tu, Mashariki na Magharibi, madiwani 18, yani tisa kila wodi, watatu wanatoka kila mwaka. Mpiga kura akiingia kituoni anapewa karatasi moja lakini anaruhusiwa kutia alama tatu, moja kwa kila mtu anayemtaka, hawezi kumpa mtu mmoja zote tatu. Sasa wakija watu 1,000 kura zinaweza kufika 3,000 na hakuna aliyepiga mara mbili. Ndio maana jumla yako inazidi.

Hapo kuna kahesabu kadogo ka kukusaidia pale gazeti halikutaja idadi ya waliojitokeza: jumlisha kura za wagombea wote gawanya kwa idadi ya viti, unapata idadi ya CHINI kabisa ya watu waliopiga. Mfano (namba za kubuni hizi) kura zote 2,610, viti vitatu, basi walijitokeza si chini ya 870. Kwa kweli watakuwa wengi zaidi maana wapo waliokuwa wanatumia kura moja tu ya mtu wao na kuacha nyingine tupu, makusudi kabisa, kwasababu ukimpa na mwenzie kura ya pili unaweza ukamsaidia amshinde mtu wako. Kwahiyo usije ukachukua kura za babu ukazigawanya kwa jumla ya kura ukasema alipata asilimia kadhaa ya watu, utamdhulumu bure.

Sasa mwaka mmoja. Hii ni kanuni na imeandikwa kwenye sheria ya serikali za mitaa ya 1933. Kwa kawaida wodi ya babu ilikuwa inatoa madiwani wawili mwaka ule, wa miaka mitatu kila mmoja. Lakini inaonekana kulikuwa na kiti kingine kilichobaki wazi katikati, labda mtu kafariki au kajiuzulu, na muda wa kile kiti ulikuwa unaisha mwaka unaofuata. Hawakufanya chaguzi mbili, waliviunganisha vyote vitatu kwenye karatasi moja, afu wenye kura nyingi zaidi wanachukua vile vya miaka mitatu na mwenye kura chache kati ya walioshinda anapewa kile kiporo. Babu alikuwa wa tatu, kapewa kiporo. Na wakipita bila kupingwa, jambo lililokuwa la kawaida sana miji midogo, hakuna kura za kulinganisha basi wanapiga bahati nasibu nani achukue kifupi. Kwahiyo tafuta kipande cha Mei 1950, lazima kiti chake kilirudi tena kwa wananchi.

Haya, cywilydd.

Baraza la manispaa halikuwa madiwani peke yao. Kulikuwa na aina ya pili ya wajumbe, maaldamani, idadi yao theluthi ya idadi ya madiwani, kwahiyo Carmarthen madiwani 18 na maaldamani 6, jumla 24. Neno lenyewe kwa Kiingereza cha zamani ni mtu mzee, na Kiwelisi wanasema henadur, humo ndani kuna hen, uzee hivyohivyo. Hawa hawakuchaguliwa na wananchi. Walichaguliwa na madiwani wenyewe kwenye kikao kikuu cha mwaka, kikao kilekile cha kumpata meya, wanakaa miaka sita, nusu yao wanatoka kila baada ya miaka mitatu. Na sheria haikusema lazima awe diwani! Ilisema awe diwani au mtu mwenye SIFA za kuwa diwani. Yani mtu kaangushwa na wananchi wiki iliyopita, sifa anazo bado, wenzie aliokaa nao barazani miaka kumi na zaidi wanamwonea huruma (au wanataka kura yake), wanampa ualdamani, anarudi kwa miaka sita wakati aliyemshinda kapewa mmoja. Ungekuwa babu usingeandika aibu? Mimi ningeandika na maneno mengine.

Na 1949 ulikuwa mwaka wa zamu ya maaldamani, ndio maana umeliona hapo hapo. Aldamani alikuwa na kura kamili barazani kwenye bajeti, nyumba, meya, kila kitu isipokuwa kumchagua aldamani mwenzie, hiyo waliachiwa madiwani. Kwenye miji mikubwa vyama vilikuwa vinagombana vikali kwa hivi viti maana vinaweza vikageuza nani ana wengi barazani hata kama wananchi wamesema vingine, kwenye mji mdogo wa soko mara nyingi ilikuwa zaidi ni heshima ya kukaa muda mrefu, zamu yake imefika mpeni. Msomaji wa Tanzania atasema hivi ni viti maalum, hapana, usifananishe, hivi havikuwa vya kuongeza kundi lililoachwa nje, vilikuwa vya wazee wa ndani kubebana. Wakenya wakongwe wanalijua hili jina vizuri, Nairobi nayo ilikuwa na maaldamani wake, utaratibu ulisafirishwa na Waingereza kama ulivyo.

Kitu kitamu sasa. Kura ya kumchagua aldamani HAIKUWA ya siri. Kila diwani anaandika majina kwenye karatasi, anasaini, anamkabidhi mwenyekiti wa kikao. Maana yake ukienda hifadhi ya nyaraka ya kaunti ukaomba mihtasari ya vikao vya baraza ya Mei 1949 una nafasi nzuri ya kujua nani alimbeba yule bwana, na kama babu naye alisaini kumkataa. Hapo albamu yako inapata ukurasa wenye moto. Angalia pia kama aliyepandishwa kwenye kikao hicho alikuwa diwani aliye kazini, kwasababu hapo kiti chake cha udiwani kinabaki wazi na unafuata uchaguzi mdogo, watu wengi wanakuta uchaguzi mdogo kwenye magazeti wanadhani kafa mtu.

Kuhusu 1948, hukupoteza kipande, haukufanyika. Kabla ya hapo manispaa zilikuwa zinachagua madiwani tarehe 1 Novemba na meya tarehe 9. Vita ilipoanza 1939 wakasimamisha chaguzi za mitaa zote, viti vikiwa wazi baraza lenyewe linateua mtu wa kujaza, hadi Novemba 1945. Fikiria diwani aliyechaguliwa 1936 kwa miaka mitatu alikaa tisa! Waliochaguliwa 1937 wakasubiri hadi 1946, wa 1938 hadi 1947. Afu sheria ya uwakilishi wa wananchi ya 1948 ikahamisha tarehe kutoka Novemba kwenda Mei, kwahiyo zamu ya Novemba 1948 ikasogezwa Mei 1949 na wale wa 1945 wakapata nusu mwaka wa nyongeza bila jasho.

Hapohapo ndio siri ya vipande vyako visivyo na tarehe. Angalia kama habari inataja siku ya wiki. Tarehe 1 Novemba 1945 ilikuwa Alhamisi, 1946 Ijumaa, 1947 Jumamosi. Ikisema uchaguzi wa Jumamosi na hali ni ya baridi ya Novemba basi ni 1947. Geuza na nyuma ya kipande usome matangazo, mtu wa kumbukumbu anasoma nyuma kwanza kabla ya mbele, kama duka linatangaza peremende hazihitaji tena kuponi hiyo ni kati ya Aprili na Agosti 1949, ziliachiwa zikaisha madukani kama maji serikali ikarudisha mgao.

Usisahau pia wapiga kura wenyewe walibadilika. Kabla ya vita kura ya udiwani ilikuwa ya mwenye kukalia nyumba au biashara kama mmiliki au mpangaji, pamoja na mume au mke. Kijana wa miaka 28 anayelala chumbani kwa mama yake alipiga kura ya ubunge lakini ya udiwani hana, na binti wa kazi anayeishi kwa bosi vilevile. Sheria ya 1945 ikawaingiza wote wenye kura ya bunge, umri bado miaka 21. Kwahiyo ukiona daftari la wodi limevimba ghafla kati ya 1938 na 1945 sio kwamba mji umejaa wageni, ni walewale waliokuwa wanahesabiwa watoto. Mwenye duka mjini anayelala shambani nje ya mji aliendelea kuwa na kura yake ya mji hadi sheria ya 1969, na kwa mji wa soko hao hawakuwa wachache.

Sasa neno la tahadhari kuhusu chama cha babu. Usiangalie kwamba Labour walizoa nchi nzima Julai 1945, na Wales viti 25 kati ya 36, ukadhani kila mji ulifuata. Jimbo la Carmarthen lilifanya kinyume kabisa, Labour walikuwa nalo wakalipoteza kwa mliberali Rhys Hopkin Morris mwaka huohuo. Na kwenye udiwani wa miji hii utakuta Independent wengi, ambao kwetu Tanzania tungewaita wagombea binafsi ila huyu binafsi mara nyingi mji mzima unajua anapigia chama gani ubunge. Jina la chama halikuwepo kwenye karatasi ya kura kabisa hadi baada ya sheria hiyohiyo ya 1969. Kulikuwa na jina, anwani na kazi yake basi, na kazi ilisaidia sana maana wodi ina akina Jones watatu na Davies wawili, ungejuaje yupi ni yupi kama si kusema huyu muuza maziwa yule fundi mabomba. Majina yalipangwa kwa alfabeti, mpiga kura mwenye alama tatu za kugawa akichoka anamalizia za juu, kwahiyo kama babu alikuwa Williams na yule bwana wa nne Davies, basi babu alimshinda akiwa chini ya karatasi, andika hilo kwenye albamu.

Na kama kuna vipande vya Kiwelisi, mtego mmoja: Annibynnol ni huru, asiye na chama, lakini Annibynwr mara nyingi ni muumini wa chapeli za Annibynwyr, dhehebu la Kikristo kubwa tu kule. Nimeona watu wanaandika babu yao alikuwa mgombea asiye na chama kumbe gazeti linasema alikuwa anasali wapi, mtu mwenyewe ni Labour wa kutupwa. Cynghorydd ni diwani, Maer ni meya, Llafur ni Labour. Karatasi ya kura ya Kiwelisi usiitafute kwa miaka hiyo, fomu za uchaguzi za Kiwelisi ziliruhusiwa na sheria ya 1964, babu mwenyewe na Kiwelisi chake cha kuandikia aibu alipiga kura kwa Kiingereza.

Yule aldamani kama aliingia Mei 1949 kwa miaka sita kamili basi zamu yake iliisha 1955, tafuta kikao cha Mei cha mwaka huo uone walimrudisha au la. Vyeo vyenyewe vilifutwa pamoja na manispaa hizo tarehe 1 Aprili 1974. Na tafadhali dada, usivigandishe hivyo vipande kwa selotepu, inageuka njano inakula karatasi, na ile penseli usiifute hata kama mama mkwe anaona haya.