Barua kwa mwanangu: bima wamekunyima, usiwajibu leo

Mwanangu mpenzi,

Pole sana, mama. Barua ya kampuni ya bima uliyonitumia nimeisoma yote, na swali lako nimelielewa. Unauliza kama kuna haja ya kukata rufaa kwa watu walewale waliokukatalia malipo ya ulemavu wa muda mrefu, au uachane nao uende mahakamani moja kwa moja, maana unaona wamekuita mwongo.

Kata rufaa. Ila usiiandike leo, wala wiki hii.

Isome tena barua yao, ukiweza na mtu akiwa kando yako. Hakuna mahali waliposema huumwi. Wanasema karatasi walizonazo hazionyeshi kwa nini sonona inakuzuia kufanya kazi yako. Najua inauma vilevile, lakini hapo ndipo pa kuwajibia. Katika miaka yangu ya uuguzi hapa Marekani nimewajazia wagonjwa fomu nyingi za namna hii, na nimeona watu wanaoumwa kwelikweli wakinyimwa haki yao kwa sababu jalada lilikuwa jembamba.

Kuhusu mahakama: bima yako umeipata kupitia mwajiri binafsi, kwa hiyo inatawaliwa na sheria ya shirikisho ya mwaka 1974 iitwayo ERISA, inayosimamia mafao ya wafanyakazi. Ingekuwa umeinunua mwenyewe, au unafanya kazi serikalini, ningekuambia mengine. Chini ya sheria hii, anayeruka rufaa ya ndani kwa kawaida mahakama humrudisha au humfungia mlango kabisa. Na hata ukifika huko, usitarajie kusimama mbele ya jaji umweleze ulivyoteseka. Mara nyingi jaji husoma jalada lilelile ambalo kampuni ilikuwa nalo ilipoamua, na kisichokuwemo humo ni shida kukiingiza baadaye. Tena mikataba mingi huipa kampuni mamlaka ya kuamua nani anastahili. Ikiwa wako ni hivyo, jaji hataangalia kama yeye angeamua tofauti, ataangalia tu kama uamuzi wao ulikuwa na msingi. Kwa hiyo rufaa hii ndiyo kesi yako. Kila unachotaka kijulikane lazima kiingie sasa.

Una siku 180 tangu ulipoipokea barua yao. Iandike tarehe hiyo ukutani, na bahasha usiitupe. Siku zinaonekana nyingi, lakini madaktari wanachelewa kuandika na wewe mwenyewe kuna wiki hutaweza kufungua hata simu.

La kwanza ni kuwaandikia barua fupi ukiomba nakala ya jalada lako zima pamoja na mkataba wa bima. Wanalazimika kukupa bila malipo. Humo utakuta ripoti ya daktari wao, ambaye pengine hajawahi kukuona na amesoma makaratasi tu. Utakuta pia maelezo ya daktari wako, na hapa nataka ujiandae moyo. Nimeandika maelezo ya aina hiyo maisha yangu yote. Unaingia kliniki, unaandikwa: amevaa nadhifu, anajibu vizuri, hali imetulia. Kwetu sisi wauguzi maana yake ni kwamba leo hana hatari ya kujidhuru na hahitaji kulazwa. Mtu wa bima akisoma maneno hayohayo anaona mtu aliyepona, anayeweza kurudi ofisini Jumatatu. Usimkasirikie daktari wako. Mwombe aandike barua inayoeleza alimaanisha nini.

Barua hiyo ndiyo nitakayoisisitiza kuliko kitu kingine. Jina la ugonjwa halitoshi, hata likiandikwa kwa herufi kubwa. Mwaka 2003, katika kesi ya Black & Decker dhidi ya Nord, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba mipango ya namna hii hailazimiki kuyapa maneno ya daktari anayekutibu uzito wa pekee. Hawaruhusiwi kuyapuuza bila sababu, lakini daktari akisema tu "hawezi kazi", wanaweza kumtafuta wa kwao aseme anaweza. Kwa hiyo daktari aeleze kazi yako ilivyo na ni wapi unakwama. Wewe unakagua hesabu. Unaweza kukaa na tarakimu kwa muda gani kabla akili haijapotea? Ukikatizwa, unarudi pale ulipoachia? Ni siku ngapi kwa mwezi hutoki kitandani? Dawa zinakulaza kwa saa ngapi? Aandike alichokiona yeye mwenyewe, tangu lini, na dawa zipi zimejaribiwa zikashindwa. Muulize pia kuhusu vipimo vya kumbukumbu na umakini vinavyofanywa na mwanasaikolojia. Wamelalamika hakuna ushahidi unaopimika, na ingawa sonona haionekani kwenye picha ya eksirei, umakini unapimika. Ni ghali, na majibu huenda yasikupendelee, kwa hiyo zungumza na wakili kwanza.

Naam, wakili. Mtafute mwenye uzoefu wa ERISA, na umtafute sasa, kabla ya rufaa, kwa sababu ile ya jalada niliyokueleza. Wengi huchukua asilimia ya kitakachopatikana badala ya kudai fedha mwanzoni.

Kuna kifungu ambacho ni lazima ukitafute kwenye mkataba. Bima nyingi hulipa miezi 24 tu kwa ugonjwa wa akili, ilhali kwa ugonjwa wa mwili zinaweza kulipa hadi umri wa kustaafu. Mimi naona ni dhuluma, na sheria inayodai usawa kwenye bima za matibabu haigusi bima za ulemavu. Ndiyo maana yale maumivu ya kichwa na ile tezi uliyotibiwa yasiachwe nje ya jalada kama kweli yanachangia. Kama hayachangii, usiyatie; ukikamatwa na neno moja la kuongeza chumvi, watatilia shaka na yaliyo ya kweli. Kwa sababu hiyohiyo kumbuka kwamba kampuni hizi huangalia mitandao. Ile picha yako ya harusini ukitabasamu usiifute, ila eleza kwamba ulikaa saa moja na siku mbili zilizofuata hukuamka.

Ukishaituma, wana siku 45 za kuamua, na wanaweza kuongeza 45 nyingine wakiwa na sababu maalumu. Atakayeamua hapaswi kuwa yule wa kwanza wala mtu aliye chini yake. Kwa kanuni zilizoanza kutumika Aprili 2018, wakipata ripoti mpya dhidi yako lazima wakuonyeshe kabla ya uamuzi ili upate nafasi ya kuijibu. Ikija, isikae mezani.

Sasa nikuambie kama mama. Kazi hii ya kukusanya ushahidi kwamba unaumwa itakuumiza, kwa sababu kila siku utakuwa unasoma kuhusu mabaya yako. Usiifanye usiku, wala usiifanye peke yako. Mpe dada yako simu za kuwafuatilia madaktari. Na ukizidiwa, saa yoyote, piga 988, ile namba ya msaada kwa wanaofikiria kujidhuru au waliozidiwa moyoni, kisha unipigie mimi, au anza na mimi, usijali saa. Hakuna tarehe ya mwisho inayokuzidi wewe.

Mimi nitaandika maelezo yangu kama shahidi: jinsi ulivyokuwa unanisaidia kujaza kodi kila mwaka bila kosa, na jinsi mwaka huu ulivyoshindwa kumaliza ukurasa mmoja. Nitatia saini na tarehe. Mwombe na yule mwenzako wa ofisini aliyekuwa akirekebisha makosa yako aandike ya kwake. Barua ya kuomba jalada nimeshakuandalia, iko ndani ya bahasha hii; isome, utie saini, uitume kwa njia ya posta yenye risiti, kisha unitumie nakala.

Mama yako