Hela ya Mafuta: Iseme Kabla Hujawasha Gari

Msomaji wa Dar es Salaam anayeishi Mbezi Mwisho na kufanya kazi Posta ameuliza: anawabeba wenzake watatu, kwenda na kurudi, wiki nzima, na hakuna aliyewahi kutoa hata mia. Wakiingia sheli kila mmoja anainamia simu yake. Afanye nini asionekane bahili?

Aanze na hesabu. Wengi hushindwa kuomba hela ya mafuta kwa sababu hawajui wanaomba kiasi gani. Asiyejua kiasi huishia kusema "jamani, na ninyi mchangie basi", kauli isiyomgusa yeyote. Mmoja atatoa elfu mbili Jumatatu akajiona amemaliza mwezi, mwingine atacheka tu na kubadilisha mada.

Pima gari lako wewe mwenyewe. Jaza tanki mpaka pampu ijikate mara ya kwanza, na umkataze mhudumu kuendelea kuminya kidogo kidogo ili pesa ifike namba kamili. Rudisha kipimo cha safari kwenye dashibodi kiwe sifuri. Endesha kama siku zote hadi nusu ya tanki iishe au zaidi, kisha jaza tena sheli ile ile, pampu ile ile ikiwezekana, na ikijikata acha. Chukua kilomita ulizotembea, gawa kwa lita zilizoingia mara hii ya pili. Ukipima kwa lita tano tano utajidanganya: gari likiinama kidogo au petroli ikifanya povu, pampu inaweza kukata nusu lita mapema. Nusu lita ni asilimia 10 ya lita 5, lakini ni asilimia 2 tu ya lita 25.

Usishangae ukipata namba ndogo kuliko uliyoambiwa na aliyekuuzia gari. Kwenye foleni ya Kimara injini inanguruma, kiyoyozi kinafanya kazi, kilomita haziongezeki. Tairi zenye upepo pungufu nazo zinakula mafuta, kwa hiyo kagua upepo kabla ya kupima. Upepo sahihi umeandikwa kwenye kibandiko cha fremu ya mlango wa dereva.

Tuseme umepata kilomita 10 kwa lita. Mbezi Mwisho hadi Posta weka kilomita 25, kwenda na kurudi 50. Hizo ni lita 5. Kwa bei ya mfano ya shilingi 3,000, siku moja ni 15,000. Mko wanne pamoja na wewe, basi gawa kwa nne: 3,750 kwa kila mtu. Shusha iwe 3,500, na kwa siku tano za kazi ni 17,500. Kujihesabu ndani ya mgawo ni lazima. Ukigawa kwa tatu ili wewe usafiri bure, abiria wako watalijua hilo siku ya kwanza tu, kwa sababu na wao wana kikokotoo.

Bei ya mafuta haibaki pale pale. EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, hutangaza bei kikomo mpya kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, kwa hiyo weka utaratibu kwamba mchango unapitiwa siku hiyo, ukipanda au ukishuka. Ukishuka, shusha. Anayepandisha haraka na kusahau kushusha anapoteza haki ya kulalamika.

Kitu gani kiingie? Mafuta, maegesho ya pamoja, na tozo ya daraja kwa wanaopita Kigamboni. Servisi, tairi na bima ni vya mwenye gari, maana ungevilipia hata ukiwa peke yako. Faini ni ya dereva, hata kama abiria ndiye aliyekuwa anasema "kanyaga, tumechelewa". Wapo wanaoingiza oili na breki kwenye mchango wa kila siku. Mimi siafiki, kwa sababu hapo unaanza kuendesha biashara.

Halafu linganisha na nauli ya daladala kwa njia hiyo hiyo. Mchango ukizidi mno, usimlazimishe mtu. Anayepanda magari mawili na bodaboda moja ataona unafuu, anayepanda gari moja tu huenda asione, na ana haki ya kurudi daladala bila kununiwa.

Sasa maneno. Yasemwe kabla ya wiki kuanza, Jumapili jioni, kwa ujumbe. Usiyaseme mkiwa sheli, wala kwenye foleni ambapo mtu hana pa kwenda. Andika kiasi, muda, na namba ya kulipia:

"Habari za jioni wapendwa. Kuanzia kesho tuchangie mafuta. Gari linakula 15,000 kwa siku, tuko wanne, kila mmoja 3,500. Kwa wiki 17,500, tutume kila Jumatatu kabla ya saa sita mchana. Asiyeweza aniambie tu, hakuna ubaya."

Kwa mtu aliyekuzidi umri, usimtupie kwenye kundi. Mpigie, msalimie kwanza: "Shikamoo mama. Nilikuwa nawaambia wenzetu kuhusu mafuta, nikaona wewe nikuambie mwenyewe." Kisha taja kiasi. Heshima haikuzuii kutaja namba.

Wakituma kwa simu, kubalianeni nani anabeba makato. Ukiweza kupokea bila kutoa keshi, ukalipa sheli kwa simu moja kwa moja, hakuna haja ya kudai "na ya kutolea". Siku za kutokuwepo nazo ziwe na sheria: aliyetoa taarifa kabla ya saa mbili usiku wa jana yake hadaiwi siku hiyo, aliyekuacha umesimama kituoni kwake saa kumi na moja na nusu alfajiri analipa. Na mmoja akikosa, usiwapandishie waliobaki, pengo libebe wewe. Mchango unaobadilika kila asubuhi huzaa ugomvi. Kila malipo yaandikwe, hata kwenye simu. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Safari ndefu ina hesabu yake. Chukua Desemba, Dar kwenda Moshi, kama kilomita 560. Barabara kuu gari lile lile linaweza kufika kilomita 14 kwa lita: lita 40, yaani 120,000 kwenda tu. Mkiwa wanne ni 30,000. Ila mmoja anashuka Korogwe, karibu nusu ya njia. Usimtoze sawa na wengine. Nusu ya kwanza ni 60,000 kwa watu wanne, 15,000 kila mmoja. Nusu ya pili ni 60,000 kwa watu watatu, 20,000 kila mmoja. Wa Korogwe analipa 15,000, wengine 35,000. Safari za namna hii pesa ikusanywe usiku wa kuamkia safari, kabla mizigo haijaingia kwenye buti. Mkishafika nyumbani, kila mtu ana sherehe zake na pesa haionekani tena.

Kuna mpaka ambao usiuvuke. Gari lenye namba za njano ni la binafsi. Kubeba abiria kwa nauli kunahitaji leseni ya LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa nchi kavu, na bima nyingi za magari binafsi haziruhusu kubeba watu kwa malipo. Wenzako wa kazini kugawana gharama ya petroli ni jambo moja. Kusimama kituoni na kuita "Posta, elfu mbili" ili kujaza kiti ni jambo lingine, na siku ya ajali kampuni ya bima ina sababu ya kukukatalia. Mchango usizidi gharama halisi, na ujumbe wa hesabu zako uutunze.

Si kila lifti inachangiwa. Mgonjwa anayepelekwa hospitali, anayewahi msiba, mtoto wa shule aliyenyeshewa, rafiki uliyemkuta njiani mara moja: hao beba, nyamaza. Mchango unamhusu aliyekufanya sehemu ya ratiba yake.

Atabaki yule atakayesema, "Si ulikuwa unaenda huko huko?" Kweli, ulikuwa unaenda. Na daladala nayo ilikuwa inaenda, lakini konda unamlipa. Mtu huyo huyo anatoa nauli kabla hajaulizwa, kisha anaona tabu kumpa ndugu yake aliyeamka alfajiri kumsubiri. Acheni hiyo tabia. Inauma, na inawafanya watu wema wapite vituoni wamefunga vioo. Huyu mkumbushe mara moja kwa ujumbe wa pembeni, ukitaja wiki anazodaiwa. Ikipita wiki nyingine kimya, mwandikie Jumapili: "Kuanzia kesho sitapita kwako, naomba ujipange na usafiri." Usiongeze maelezo, na asubuhi usipite.