Dada, usiioke hiyo dipu asubuhi!

Sikusalimii, utanisamehe. Nimefika pale ulipoandika hapa jukwaani kwamba siku ya sherehe utaioka dipu ya jibini, ule uji mzito wa kuchovyea vitafunwa, saa nne asubuhi, uihamishie kwenye vyombo vya bufee "ikae ya moto mpaka wageni wafike", nikaacha chai yangu mezani. USIFANYE HIVYO. Nasema kama mhanga. Hapa Mwanga kuna akina mama ambao mpaka leo tukikutana sokoni wananiuliza kama nimeshajifunza kupika ile supu ya mpira.

Umeuliza mambo manne: jibini ipi inatufaa sisi wa Kigoma, pilipili kiasi gani, uioke lini, na wageni 40 wachovye nini. Naanza na la kuoka kwa sababu ndilo lililonifilisi. Mengine tutaona.

Mwaka juzi mdogo wangu alikuwa anaolewa, nikapewa kazi ya vitafunwa kwenye kicheni pati yake. Wenzangu kwenye kamati walisema tuweke sambusa, kachori na mishikaki, yaishe. Mimi dada mkubwa nikataka watu wajue kwamba niliwahi kuishi Dar. Nikasema hapana, kutakuwa na dipu ya chizi, ya moto, ina pilipili, imeokwa mpaka juu imepiga rangi ya dhahabu. Nikaagiza jibini aina ya cheddar kilo 3 kutoka Dar, ikapandishwa basi kwenye boksi la barafu, na nauli ya boksi nikalipa mimi. Zaidi ya 100,000 ilikuwa imeshaondoka kabla sijanunua hata paketi moja ya maziwa.

Sasa vyombo. Kuna mpishi mmoja wa sherehe hapa mjini, simtaji, ila akipita hapa atajijua. Tulikodi kwake vile vyombo vya bufee vya bati vinavyowashiwa moto chini. Nikamweleza mpango wangu, akaniangalia kama mtoto wa shule, akasema: oka mapema upate kupumzika, mimina kwenye vyombo vyangu, washa moto mdogo, itakusubiri hata saa sita nzima. Ikianza kukauka, ongeza jibini.

Nikamwamini. Mtu anapika harusi tangu mimi niko sekondari, nianzie wapi kumbishia? Kuna jambo dogo tu sikulifikiria: yeye analipwa kwa idadi ya vyombo vilivyotoka stoo kwake. Angepata wapi moyo wa kuniambia dipu ya jibini haihitaji chombo hata kimoja cha kwake?

Saa nne na nusu dipu ikatoka oveni, na tusidanganyane, ilikuwa nzuri. Ukiinua kijiko inakufuata. Nikaipiga picha, na picha hiyo ndiyo urithi pekee uliobaki. Kadi ilisema saa nane mchana. Wewe ni Mtanzania, saa nane ya kwenye kadi unaijua.

Saa saba nikafunua, nikakuta juu yameelea mafuta kama ya mchuzi wa kuku wa kienyeji. Nikakoroga, yakazama. Nusu saa hivi yakarudi. Nikampigia mpishi. "Ongeza jibini." Nikakuna nusu kilo nikamwagia, ikatulia, nikajiona fundi. Saa tisa mafuta yamerudi na ndugu zake, na chini kuna kitu kimeanza kushikana. Nikapiga simu tena. "Ongeza jibini, halafu irudishe oveni, moto mkubwa, ijichanganye yenyewe." Nusu kilo ya mwisho ikaenda hivyo. Oveni nikaipandisha hadi nyuzi 230. Maji yameshazidi unga, mimi bado natafuta unga!

Bibi harusi aliingia saa kumi na moja na nusu. Tulipofunua vyombo, humo ndani kulikuwa na donge moja la njano limelala katikati ya dimbwi jekundu. Ukilibonyeza kwa kijiko, linakirudisha kijiko. Shangazi yetu mmoja wa Ujiji akainama, akanusa, akaniuliza kwa upole kabisa: "Mwanangu, hapa mmetia mawese?"

Meza nzima ikacheka. Nikajibu ndiyo. Ningejibu nini? Kigoma hii, angalau mawese yana heshima yake.

Haikuishia hapo. Shangazi, kwa kunionea huruma, akamega chapati akachovya kwenye lile dimbwi. Ukali wa pilipili unayeyuka kwenye mafuta, kwenye maji hauyeyuki. Kwa hiyo mafuta yalipojitenga na jibini yaliondoka na pilipili mbuzi zangu zote: donge halina ladha yoyote, dimbwi ni jehanamu. Mama wa watu akakimbilia maji, nayo maji hayasaidii kitu, yanautembeza ule ukali mdomoni tu. Dawa yake ni maziwa. Na maziwa yote ya nyumba ile nilikuwa nimeyamalizia kwenye dipu.

Chizi ilinifanya chizi siku ile, haki ya Mungu. Wageni wakahamia kwenye samaki, migebuka ya kukaanga ambayo hata haikuwa kwenye bajeti yangu, aliileta jirani.

Baadaye ndipo nikakaa chini kuelewa kilichonipata. Jibini ichukulie kama wavu: nyuzi zake ni protini, ndani zimenasa mafuta na maji. Ukiipasha kiasi, wavu unalegea, ndiyo ule mvutano tunaoupenda. Ukizidisha moto, au ukiiacha motoni saa nyingi hata kama moto ni mdogo, zile nyuzi zinajikaza, zinakamua maji nje, mafuta nayo yanatoroka. Wewe si unajua tui la nazi likikatika linavyokuwa? Ni jambo la ukoo huohuo. Sasa mtu anayekuambia uongeze jibini kwenye jibini iliyokatika anakuambia uongeze mafuta mengine ya kutoroka na nyuzi nyingine za kujikaza. Amenikaanga kwa mafuta yangu mwenyewe, tena mafuta yenyewe yamesafiri kwa basi! Kilo nzima niliyoitia baada ya saa saba ilikuwa hela ya kutupa ziwani. Na vyombo alivitoza siku mbili kwa sababu tulichelewa kuvirudisha. Tulichelewa kwa nini? Tulikuwa tunakwangua jibini yake iliyogandia chini. Siku ya pili nilitumia kisu.

Kwa hiyo shika hili hata kama utasahau mengine yote: dipu inaokwa mara moja, na inaingia oveni wageni wakiwa wameshakaa kwenye viti. Saa usiiangalie kabisa. Sikiliza MC. Akisema sasa tunaanza utambulisho wa ndugu wa upande wa bibi harusi, wewe sukuma bakuli oveni. Nyuzi 180, dakika 20 hivi, pembeni zikianza kutokota na juu pamepata rangi, toa. Upande mmoja tu wa utambulisho wa ukoo unatosha kabisa kuoka dipu, na wakianza kutaja walioshindwa kufika unaweza kuoka mbili.

Najua utaniambia "sasa siku ya sherehe nitakuwa na kazi nyingi". Ndiyo, ndiyo maana unachanganya jana yake. Kuchanganya mapema ruksa, kuoka mapema marufuku. Kwa bakuli moja la watu 12 mpaka 15: yeyusha siagi gramu 40, tia unga wa ngano gramu 40, kaanga dakika mbili bila kuubabua, mimina maziwa nusu lita kidogokidogo huku unakoroga mpaka upate uji mzito. Zima moto. Nasema ZIMA, usipunguze tu. Ipumue dakika mbili tatu, ndipo utie cheddar gramu 400 uliyoikuna mwenyewe, kwa awamu, kila awamu ikiyeyuka ndiyo utie nyingine. Ule unga ndio mlinzi wako, wanga wake unazizuia zile nyuzi zisishikane upesi. Mimi siku ile niliona unga ni mambo ya uchumi mdogo, nikaacha, nikayeyushia jibini yangu ndani ya maziwa yanayochemka. Kumbe nilianza kuharibu hata kabla mpishi hajanishauri, lakini hilo tusiliongelee sana.

Ikipoa ifunike, weka kwenye friji. Siku yenyewe ikitoka friji moja kwa moja iongezee dakika kama 10 za oveni.

Kwa watu wako 40 tengeneza mabakuli matatu. Usifanye sinia moja kubwa kama nilivyofanya mimi. La kwanza likienda mezani, la pili linaingia oveni. La tatu liache kwenye friji mpaka uone mwenyewe la pili linapungua. Wakishiba mishikaki unabaki na dipu nzima haijaguswa na moto, kesho yake unaoka mnakula nyumbani na kamati. Hakuna kupasha, hakuna bufee, hakuna mshumaa chini ya kitu chochote.

Umeme ukikatika, tumia ule mtindo wa kuokea keki kwenye mkaa: sufuria kubwa lina mchanga chini, bakuli ndani, mfuniko una makaa juu. Makaa mengi yaweke juu, chini weka machache mno. Ukigeuza hiyo hesabu, utanikumbuka.

Na ukiona imeanza kung'aa mafuta kidogo pembeni, itoe kwenye moto hapohapo, koroga kijiko cha wanga wa mahindi kwenye maziwa ya uvuguvugu, mimina kidogo huku unapigapiga. Ikiwa ndiyo inaanza tu, mara nyingi inarudi. Ikishakuwa donge, funika, toka nje, kaongee na wageni.

Haya, jibini. Cheddar ya kawaida, changa. Ile iliyokaa miezi mingi ni tamu lakini inatoa mafuta upesi zaidi. Mozzarella weka juu tu kwa ajili ya rangi na mvutano, ukiijaza ndani watu watavuta nyuzi mpaka kwenye magauni. Usikose slesi tatu nne za ile jibini laini ya kwenye baga kwa kila bakuli, wajuaji wataicheka lakini ina chumvi maalumu zinazoshikanisha mafuta na maji, na mimi kwa sasa nampenda yeyote anayeshikanisha mafuta na maji. Kama unaagiza Dar, agiza ya kipande. Ile iliyokunwa kiwandani imepakwa unga isishikane, inaacha chengachenga.

Pilipili mbuzi mbili kwa bakuli zinatosha. Kwangua ule utando mweupe wa ndani, ndiko ukali uliko. Mbegu watu wanazisingizia tu kwa sababu zimekaa jirani. Vaa mfuko mkononi, na usijiguse jicho. Nalo hilo nilijigusa, saa tatu asubuhi ileile, siku ilikuwa imeshanionyesha dalili nikapuuza.

Vya kuchovya... chapati kavu iliyokatwa pembetatu, muhogo wa kukaanga mwembamba, basi. Ulikuwa umeuliza na kuhusu watoto, au nachanganya na uzi mwingine? Waokee cha kwao kisicho na pilipili. Juisi sijui, muulize mwingine.

Ila kabla hujalala leo, nijibu mambo mawili. Umeshalipia vile vyombo vya bufee, au bado? Kama bado, usilipe. Na MC wako ni nani, maana kuna mmoja hapa mjini akishika kipaza sauti, hata hiyo ya dakika 20 itabidi uingoje mpaka asalimie wakwe mara ya pili. Mimi oveni yangu ni nzima, nipo hapahapa Mwanga, nakuazima bure, mabakuli ya udongo ninayo mawili. La tatu lilivunjika, usiniulize lilivunjikaje.