Kabla hujauliza kichupa cha Kikorea kinamaanisha nini

Watu wanaonitumia linki za vichupa vya Kikorea, yaani video za nyimbo, karibu wote wanauliza kitu kimoja, hii inamaanisha nini, na mi huwa nawajibu kwa swali, we umeona nini? Maana wengi wakimaliza tu kuangalia wanakimbilia kutafuta nadharia za mashabiki, wanarudi na stori ndefu kweli, ila muulize yule dada wa mwanzo alivaa rangi gani, hakumbuki.

Kazi yangu ni kuhariri video, harusi na sendofu ndo nyingi, kwahiyo kukaa na picha fremu kwa fremu ni maisha yangu ya kila siku, na nakwambia ukweli rangi nimejifunzia kwenye K-pop, yaani muziki wa pop wa Korea, kuliko sehemu nyingine yoyote. Ntatumia kichupa kimoja kuwaonyesha navyofanya, Feel My Rhythm cha Red Velvet, lile kundi la wadada, kilichotoka Machi 2022. Nakipenda sana kile.

Kwanza zima sauti. Wakorea wanakata shoti haraka mno, nyingine haimalizi hata sekunde, na biti ikishakubeba macho yanaacha kufanya kazi. Kama una kompyuta, ukiwa YouTube simamisha video afu bonyeza kitufe cha nukta, inasogea fremu moja mbele, koma inarudisha nyuma. Kwenye simu punguza spidi tu. Na tafadhali usiangalie kwa 144p, ule ubora wa chini kabisa, najua bando ni hela, ila bora uangalie mara moja kwa ubora mzuri kuliko kurudiarudia kitu ambacho rangi zake zote zimeshachanganyikana.

Sasa andika unachokiona, bila maana yoyote. Kijani cha majani, krimu, waridi iliyopauka. Magauni ya kitambaa chepesi kinachopitisha mwanga kama shela. Dada amelala kwenye maji kazungukwa na maua, mwingine yuko kwenye bembea, kuna wa mwavuli kwenye nyasi, kuna viumbe wa ajabu kabisa wasiofanana na kitu chochote cha duniani. Ukifika hapo ndo uanze kutafuta, na utakuta hizo ni picha za wachoraji wa Ulaya ambazo zipo makumbusho mpaka leo. Wa kwenye maji ni Ophelia aliyechorwa na Millais mwaka 1851 hadi 1852, ipo Tate Britain pale London. Bembea ni ya Fragonard, miaka ya 1760. Mwavuli ni wa Monet, 1875. Viumbe wanatoka kwenye ile picha ya Bosch ya vipande vitatu iliyopo makumbusho ya Prado, Madrid, yenye zaidi ya miaka 500.

Wengi wakishafika hapa wanafunga daftari, eti uchambuzi umeisha, nimezijua picha zote nne. Hapana jamani, hapa ndo kazi inaanza! Weka picha ya zamani pembeni ya skrinshoti yako afu tafuta kilichobadilishwa. Kwenye bembea ya Fragonard kuna wanaume wawili, mmoja mzee yuko nyuma kivulini anavuta kamba, mwingine kijana kajificha kwenye vichaka huku chini anamuangalia yule binti, yaani picha nzima imejengwa kwenye jicho la huyo kijana. Kwenye kichupa bembea ipo, gauni lipo, hao wanaume hawapo. Ophelia ndo kabisa, kwenye tamthilia ya Hamlet ya Shakespeare yule binti anazama huku anaimba, na ukiangalia Millais alivyomchora utaona mdomo uko wazi kidogo, bado anaimba. Sasa waimbaji wa pop wamechagua mwanamke anayeimba mpaka mwisho wake, afu kwao wimbo unaendelea. Mi nikiona kitu kama hicho nasimamisha video naenda kutembea kidogo nje, kwasababu kuna mtu alikaa mezani akaliwaza hilo.

Baada ya hapo washa sauti. Zile nyuzi za mwanzo ni za Bach, mtunzi wa zamani wa Ujerumani, ile Air maarufu inayochezwa sana harusini, hata mimi nimeshaibandika kwenye video za maharusi kuingia ukumbini. Wamechukua kipande chake wakakiwekea biti juu. Na hicho ndo haswa walichofanya kwenye picha, wamesampo Bach masikioni na wamesampo Bosch machoni, kipande kidogo, kinarudiarudia, juu yake kuna kitu kipya kinacheza. Usiandike kwamba mtindo wa kichupa ni "wa kizamani", maana hapo kuna karne kama nne zimewekwa sehemu moja na hakuna hata moja iliyobaki ya kizamani humo ndani.

Ukitaka kuona tofauti angalia Blood Sweat & Tears ya BTS, kundi la vijana wa kiume, Oktoba 2016. Nao wana mchoro wa Ulaya, Jin, mmoja wao, anasimama mbele ya mchoro wa malaika waasi wa Bruegel wa mwaka 1562, wanaotupwa kutoka mbinguni wakigeuka wadudu na samaki njiani. Ila pale mchoro umebaki ukutani, umewekewa fremu, vijana wako nje yake wanautazama, rangi ni nyekundu nzito, zambarau na dhahabu, mapazia kila kona. Afu taratibu mchoro unawafuata wao, mwenzao V mgongoni anaonekana na makovu pale mabawa yalipokuwa, Jin uso unapasuka. BTS picha inawaingia, Red Velvet wao ndo wanaingia kwenye picha. Hiyo kwangu ni tofauti kubwa kuliko hadithi zote za mashabiki nilizosoma, na unaipata kwa kuuliza tu mchoro uko wapi na mtu kasimama wapi.

Ukija kuandika wa kwako chukua shoti tatu, zisizidi. Kila shoti taja dakika yake, kilichopo, kilichobadilishwa. Kama hujui picha imetoka wapi itupie Google Lens, ile ya kutafuta kwa picha, hiyo skrinshoti, na ikikosa majibu andika ulichoona hivyohivyo, rangi, kitambaa, mwanga unatokea upande gani, hayo hayahitaji mtu akuthibitishie.